Udongo wa mfinyanzi sio tope tu

Ikitajwa habari ya kufukia taka za nyuklia, hapa Mwanza utasikia "udongo si maji yanapita tu, sumu yote itatoka". Naielewa hiyo hofu, ila udongo haufanani jamani. Nenda kwenye mbuga za Magu kiangazi, nyufa zinameza kiganja kizima, mvua ikipiga siku kadhaa ule udongo mweusi unavimba na nyufa zinajifunga zenyewe, ndo maana lambo la ng'ombe linakaa na maji miezi. Kinachovimba pale ni madini ya smektaiti, na bentonaiti, udongo wa mfinyanzi unaotumika kwenye taka za nyuklia, imejaa hayohayo.

Ufini, kule Onkalo, wamechimba zaidi ya mita 400 kwenye mwamba, mpango ni mafuta ya nyuklia yaliyotumika yakae ndani ya mitungi ya shaba na kila mtungi unazungushiwa bentonaiti, maji yakiifikia inavimba inabana kila upenyo. Halafu chembe zake zina chaji hasi, kwa hiyo zinanasa seziamu na strontiamu, sumu za mionzi za kwenye taka hizo zenye chaji chanya. Iodini haishikwi hivyo, tusidanganyane, hiyo inacheleweshwa tu kwa vile maji humo ndani karibu yamesimama. Joto kali nalo linaiharibu bentonaiti, ndo maana wanapanga lisizidi nyuzi 100. Wafaransa wao wamechagua tabaka la udongo lenyewe, huko kwenye kijiji kinachoitwa Bure, kama mita 500 chini, lina umri wa miaka milioni 160 hivi.