Kagua Kinachoota Bustanini Kabla ya Kukitilia Samadi

Mvua za masika zikianza, kwa kawaida mwezi Machi, mimea ya kudumu iliyonyauka wakati wa kiangazi huchipua upya: maua ya kana hutoa ncha zilizokunjika kama karatasi, krisanthemu huota vichipukizi kuzunguka kisiki cha mwaka jana, na waridi lililopogolewa hufungua macho. Malalamiko yanayotufikia sisi wakaguzi wakati huo hayahusu mimea hiyo, ambayo wenyewe wanaijua vizuri, bali yanahusu kile kilichoota katikati yake bila kupandwa na mtu.

Kinachosumbua zaidi ni gugu karoti, ambalo kitaalamu huitwa parthenium. Likiwa changa hulaza majani yake chini kwa duara, nayo yamekatikakatika kama ya karoti, yana rangi ya kijani iliyofifia na vinyweleo laini, hivyo watu wengi hudhani ni krisanthemu na kulitilia samadi. Fukua udongo kwa kidole: kichipukizi cha krisanthemu kimeshikana na kisiki au mzizi wa zamani, ilhali gugu karoti limesimama peke yake juu ya mzizi mmoja ulionyooka. Usingoje maua ndipo uamini, kwa maana linaweza kuchanua takriban wiki nne baada ya kuota, na mmea mmoja uliokomaa hutoa maelfu ya mbegu. Ling'olewe likiwa bado changa, udongo ukiwa na unyevu, kwa mikono iliyovaa glavu, kwa sababu husababisha muwasho wa ngozi na huweza kuamsha pumu. Lililokwisha kuchanua lisitupwe kwenye shimo la mboji.

Gugu hili lilitangazwa nchini Kenya kuwa gugu hatari mwaka 2010 chini ya Sheria ya Kudhibiti Magugu Hatari, Sura ya 325. Wajibu wa kuliondoa ni wa anayehusika na ardhi, awe mwenyewe au mpangaji. Mkaguzi akiliona anaweza kutoa notisi ya maandishi ya kuliondoa. Notisi ikipuuzwa, hilo ni kosa, na mkaguzi anaweza kuingia, kuliondoa na kudai gharama kutoka kwa aliyepewa notisi. Uvumi kwamba tunawatoza watu kwa kupanda maua hauna msingi wowote, na tumeshauchoka.

Kwa wakazi wa Kisumu lipo pia gugu maji, ambalo baadhi ya watu bado hulileta nyumbani kutoka ziwani kwa sababu ya ua lake la zambarau na kuliweka kwenye beseni au kidimbwi. Katika hali nzuri linaweza kuongezeka maradufu kwa chini ya wiki mbili. Mvua kubwa ikifurisha kidimbwi hicho, vipande huingia mtaroni, kisha mtoni, hatimaye vikarudi katika Ghuba ya Winam, ambako wavuvi wanajua vizuri adha ya gugu hilo kwa boti na nyavu zao. Kwa anayetaka ua la kidimbwini, yungiyungi la kienyeji lingetosha.

(Wapo pia wanaotuletea maelekezo ya bustani za Uingereza yanayosema mimea iliyofunikwa isifunuliwe hadi baridi kali ipite. Hapa msimu huanzishwa na mvua, si kuyeyuka kwa theluji, ambayo haijawahi kuwa tatizo letu, si Kondele mjini Kisumu wala Nakuru.)

Huu ndio msimu wa kugawanya mashina na kupeana na jirani, na hatuna pingamizi, mradi udongo ukung'utwe na mizizi ioshwe kabla shina halijavuka uzio. Anayeleta mche kutoka Uganda kupitia Busia au Malaba, hata kama ni mmoja na ni zawadi ya shangazi, anahitaji kibali cha kuingiza mimea kutoka KEPHIS, shirika la Kenya la ukaguzi wa afya ya mimea, kinachoombwa kabla mche haujaondoka huko, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka kwa mamlaka ya nchi unakotoka. Kibali hakiombwi mpakani huku mche ukiwa umefungwa kwenye mfuko wa nailoni na udongo wake. Mche wa namna hiyo huzuiliwa, na mwenyewe hurudi nyumbani bila huo.