Huyu chura watoto wake hawakai mtoni

Hapa Malindi ukitaja chura mtu ashafikiria dimbwi, manake masika yakishapiga usiku hakulaliki, na kule Arabuko-Sokoke kuna wale wa kutengeneza povu jeupe kwenye matawi juu ya maji, watoto wakitoka wanadondoka humo. Wa milimani ana mambo mengine.

Ninayemsoma mimi yuko Tanzania, Usambara na milima mingine ya Tao la Mashariki, kitaalamu anaitwa Arthroleptides martiensseni. Pandikizi la chura, rangi ya jiwe, ncha za vidole zimepanuka, jiwe liteleze vipi yeye ameshika tu. Ukimkaribia anajitupa kwenye maji ya kasi unabaki kumulika povu na tochi yako.

Lakini vituko viko kwa watoto. Mayai hutagwa kwenye mawe yenye unyevu na viluwiluwi vinakaa hapohapo juu ya jiwe, si ndani ya mto, pale maji yanaporushia matone ama kuteremka utando mwembamba tu, vinakwangua ule utelezi wa kijani ndo chakula chao. Mkia mrefu, miguu ya nyuma inaota mapema, ukivigusa vinarukaruka kama wale samaki wa matopeni kwenye mikoko ya Mida. Na samaki wa kuvila hafiki pale.

Sasa watu wanadhani mto ukitiririka chura yuko salama. Wapi! Kata miti ya kando, jua lipige lile jiwe, utando ukauke saa sita mchana, watoto kwisha, na mto haujapungua kitu. Ndiyo maana nikifika kijitoni naangalia juu kwanza, majani yamefunga ama la, maji baadaye.

Kwenye maporomoko ya mto Kihansi kule Udzungwa, Tanzania, yalikuwa mambo ya manyunyu. Chura mdogo aliyeishi kwenye manyunyu ya maporomoko peke yake, mwaka 2000 maji yakageuzwa kwenda kuzalisha umeme, ikabidi wafunge mitambo ya kunyunyiza, halafu fangasi wa ngozi anayeua vyura naye akapatikana, 2003 idadi ikaporomoka, 2009 akatangazwa ametoweka porini. Bahati karibu 500 walikuwa wameshapelekwa Marekani kuzalishwa, vizazi vyao vikaanza kurudishwa 2012.

Mkienda Amani, pale Usambara, msikanyage mawe ya kando ya kijito hovyo. Inama umulike kwanza, na ukiviona viache, mikono yenye dawa ya mbu ni sumu kwao.