Reli ya Mwanza ni ya Mjerumani? Hapana bana

Juzi nimepanda boda toka mjini naenda Mkuyuni, tunafika pale reli inapokata barabara tukakuta treni ya mizigo inapita mdogomdogo, basi yule dogo akazima pikipiki akaniambia, braza Mjerumani alikuwa noma, zaidi ya miaka mia hii reli bado inadunda. Nikacheka tu. Mimi nimekulia hukuhuku Igogo na hiyo stori nimeisikia tangu niko chekechea, na kuna kipindi nimeshaibishania mpaka nikawekeana soda na watu, kwahiyo siwezi kumlaumu.

Ila ukweli ni kwamba Mjerumani hajawahi kuleta treni Mwanza hata siku moja. Reli yake alianzia Dar 1905, akafika Morogoro 1907, Tabora 1912, halafu 1914 akaimalizia Kigoma. Toka Tabora alikuwa na mpango wa kuchepukia Rwanda, vita ikalipuka na mpango ukafia hapohapo. Mwingereza alivyokuja kuiteka Mwanza Julai 1916 alikuja kwa maji, stesheni ya kuteka haikuwepo. Hiki kipande chetu, kama kilomita 380 hivi toka Tabora unapita Bukene, Isaka, Shinyanga, Malampaka, Malya, Bukwimba, Mantare, Fela mpaka mjini, kajenga Mwingereza baada ya vita na kikafika Mwanza 1928. Miaka mia yenyewe inatimia 2028, dogo alikuwa ameikopesha. Kinachowachanganya watu nadhani ni kwamba upana wa njia ni uleule wa mita moja alioanza nao Mjerumani, treni inatoka Dar inakuja huku bila kubadilisha kitu, halafu Mwanza kama mji wa serikali kweli aliianzisha yeye 1892, basi kila kitu cha zamani anapewa yeye.

Sasa hapo ndo linakuja swali, kabla ya 1928 mizigo ilikuwa inatokaje? Wengi wanakwambia Mwanza ilikuwa porini, imejifungia, mpaka reli ilipokuja kuifungua. Siyo. Ilikuwa imefunguka kitambo, ila mlango ulikuwa Kisumu. Reli ya Mwingereza toka Mombasa ilifika ziwani Desemba 1901, Kisumu enzi hizo inaitwa Port Florence, na wenye hiyo reli walikuwa na meli zao zinazunguka ziwa zima, William Mackinnon ikashushwa majini 1900, ikaja Winifred, Sybil, na Clement Hill 1907. Yaani hebu fikiria, ngozi na karanga za Usukumani, mali ya koloni la Mjerumani, zinapakiwa Mwanza zinaenda Kisumu halafu zinapanda treni ya Mwingereza mpaka Mombasa, na nauli anakula Mwingereza! Mjerumani akijenga huku ataanza kugombania mzigo na mtu ambaye ameshatangulia, na kule Kigoma kuna biashara ya Kongo inamsubiri. Mimi kwa akili yangu ningefanya kama yeye.

Na ndo maana wazee wetu wa Igogo hawatenganishi meli na reli, wakisema mtu "alikuwa relwe" usishangae kukuta alikuwa baharia. Meli za ziwa zilikuwa za shirika la reli. MV Victoria hii tunayoijua ilianza 1961 chini ya reli na bandari za Afrika Mashariki, Jumuiya ikafa 1977, meli zetu zikabaki kwa shirika la reli la Tanzania mpaka mwishoni mwa miaka ya 90 zilipotengewa kampuni yake.

Kuna mwingine alinibishia kabisa eti behewa haliwezi kupanda meli, lazima mzigo ushushwe upakiwe upya. Mzee, nenda bandari ya Mwanza Kusini ukaiangalie MV Umoja. Ndani ina reli kabisa! Meli inaegesha kitako, linashushwa daraja lenye njia, behewa zinasukumwa zinaingia na mzigo wake, zinavuka mpaka Port Bell kule Uganda, zikifika zinavutwa nje safari inaendelea. Hicho kitu kipo tangu miaka ya 60, siyo teknolojia ya juzi.

Habari ya kwamba reli imejengwa na Wahindi, hiyo ni ya Kenya, kule waliletwa Wahindi kama elfu 32. Reli ya kati, hii yetu inayotoka Dar, jasho kubwa ni la Waafrika, na Wanyamwezi na Wasukuma ndo walikuwa wengi.

SGR, ile reli mpya ya kisasa, nayo ina yake. Kuna wanaodhani watapanua hii ya zamani, hapana, hii upana wake ni milimita 1000 na ile 1435, ni njia mpya kabisa na tuta lake. Na zile kilomita 341 za Mwanza mpaka Isaka tunazozisikia tangu jiwe la msingi Juni 2021, watu wanaziona ni umbali wa safari. Njia kuu ni 249, hizo 92 zingine ni za kupishania treni na kuegesha.

Haya mengi nilimmwagia yule dogo palepale tukisubiri, maana treni ilikuwa ndefu na haina haraka. Behewa la mwisho likapita, akawasha pikipiki, akaniuliza, "kwahiyo braza, ile soda ulilipa?"

Nililipa. Mbili.