Kanuni ya Heisenberg haihusu ubovu wa kifaa

Kila nikifika kwenye kanuni ya Heisenberg, isemayo kwamba mahali na momenta (masi mara kasi) ya chembe haviwezi kuwa kamili vyote viwili kwa pamoja, na vijana wa kidato cha sita hapa Kigoma, hakosi mmoja wa kusema: “Mwalimu, si kwa sababu mwanga wa kuipimia unaigonga elektroni?” Maelezo hayo yameenea mno, na aliyeyaanzisha ni Heisenberg mwenyewe, kwa ile hadubini yake ya kufikirika ya miale ya gamma, mwaka 1927. Mwanafizikia mwenzake, Bohr, alimkosoa mapema tu. Mwaka huohuo mwanafizikia Kennard akaithibitisha kanuni kwa hesabu tupu, bila hadubini wala mgongano: mtawanyiko wa mahali mara mtawanyiko wa momenta haushuki chini ya ħ/2 (ħ ni namba ndogo mno isiyobadilika, ya Planck ikigawanywa kwa 2π).

Chanzo ni mawimbi. Simama ufukweni Kibirizi. Mawimbi yakija mfululizo, unapima vizuri umbali wa kilele hadi kilele, lakini ukiulizwa yako wapi, utaonyesha ziwa zima. Likija pigo moja fupi, mahali pake unapanyooshea kidole, ila urefu wa wimbi utaupimaje na kilele ni kimoja? Kwenye kwanta, yaani fizikia ya chembe ndogo kama elektroni, kila chembe ina wimbi lake, na urefu wa wimbi ndio unaobeba momenta. Elektroni ikibanwa ndani ya upana wa atomu, yaani kama mita 10⁻¹⁰, kasi yake inatawanyika kwa angalau kilomita 580 kwa sekunde. Na hapo hakuna aliyepima chochote.

Mpaka hapo wote wanakubaliana. Ugomvi unaanza ukiuliza: elektroni ina mahali tusipopajua, au haina kabisa? Bohr na wenzake wa Copenhagen watakuuliza kwanza unapima kwa kifaa gani. Bila hicho, swali halina maana. Everett (1957) anabaki na wimbi tu, lisiloanguka kamwe, yaani halijikusanyi ghafla mahali pamoja hata likipimwa. Bohm (1952) anasema elektroni ina mahali pake saa zote, wimbi linaiongoza, na nadharia yenyewe inatuzuia kujua zaidi. Mimi huvutwa na Bohm, japo bei yake ni kali: chembe huathiriwa papo hapo na mwenzake aliye mbali. Hesabu za maabara zinatoka zilezile kwa wote watatu, kwa hiyo kanuni hii haiwezi kuwaamua.

Na ile habari ya kugonga? Mwanafizikia Ozawa wa Japani alionyesha mwaka 2003 kwamba kosa la kipimo mara usumbufu wake linaweza kushuka chini ya ħ/2, na majaribio ya nyutroni huko Vienna yakamuunga mkono mwaka 2012. Ya Kennard haikuguswa.