Volti Zinavyochora Ramani ya Nyaya za Umeme Mtaani

Ukisimama katika kichochoro cha Mkomani, mjini Lamu, na kutazama juu, utaona nyaya za umeme zikiambaa ukutani na kupotelea nyuma ya mapaa, usijue kwa yakini nyumba ipi inalishwa na transfoma ipi. Nyumba mbili zinazogawana ukuta wa matumbawe huenda zikategemea transfoma tofauti, au transfoma moja lakini fezi mbalimbali, yaani nyaya tofauti za moto zitokazo kwenye transfoma hiyo. Mchoro uliowekwa ofisini siku ya ujenzi huwa sahihi mpaka siku fundi atakapohamisha waya usiku wa hitilafu, kisha asiandike popote.

Mita janja inaweza kuusahihisha. (Si kila mita ya tokeni ni janja, nyingi hupokea namba tu na hazitumi chochote.) Mbali na kuhesabu uniti, mita hii hupima volti na kutuma kipimo pamoja na saa yake, aghalabu kila baada ya dakika 15 au 30. Kwa kuwa kila waya una ukinzani, pampu ya maji inapowashwa, volti hushuka kidogo kwa mwenye pampu na pia kwa majirani walio kwenye waya huohuo. Mita ambazo volti zake hupanda na kushuka pamoja kwa wiki kadhaa, basi, yaelekea ziko kwenye fezi moja ya transfoma moja.

Ugumu ni kwamba laini ya volti 11,000 inayolisha transfoma nyingi nayo hubadilika, na badiliko lake huzifikia mita zote, kama maji ya bamvua yanavyoziinua mashua zote gatini. Tunachokitafuta ni wimbi la mashua moja inayopita, linalozitikisa zile za karibu tu. Kwa hiyo mhandisi huondoa kwanza mabadiliko ya pamoja, ndipo alinganishe yaliyobaki. Na penye paneli za jua, ambazo mchana hupandisha volti, vipimo vya usiku husomeka kwa urahisi zaidi. Saa za mita zisipolingana, kazi yote huharibika.

Matokeo huhakikiwa kwa hesabu: umeme uliotoka kwenye transfoma ukaribiane na jumla ya mita zake, ukiongeza upotevu wa nyaya. Pengo likiwa kubwa, wengi hukimbilia kusema kuna wizi. Kwa maoni yangu, mteja asishukiwe kabla fundi hajafuata waya kwa miguu, maana huenda mita zilizokosekana zimeandikwa kwenye transfoma ya mtaa wa pili.