Kukaba wawili wawili: tunayoyaamini na yaliyo kweli

Kwenye viwanja vya mtaani amri inayosikika zaidi ni "Mvamie!" Kijana anatii, anaingia kichwakichwa, anapigwa tobo, halafu anatukanwa. Lakini amefanya alichoambiwa.

Dhana: beki hodari ni yule anayepokonya mpira haraka.

Kazi ya kwanza ya mkabaji ni kumchelewesha mwenye mpira, ili wenzake warudi. Mkimbilie kwa kasi wakati pasi bado iko njiani, kisha punguza mwendo hatua chache kabla ya kumfikia. Kaa kiubavu, kunja magoti, macho yawe kwenye mpira; mabega ya winga ni ya kudanganyia. Mnyang'anye pale mpira unapomponyoka mguuni, au anapopokea pasi akiwa amegeuzia mgongo lango lenu. Kuteleza chini ni silaha ya mwisho. Ukikosa, umeshatoka mchezoni.

Dhana: wawili wakimvamia mmoja, hatoki.

Hii ndiyo inayotufungisha mabao mengi. Wawili kwa wawili, mabeki wote wakimwendea mwenye mpira, pasi moja tu inamwacha mwenzake peke yake na kipa. Mmoja akabe, wa pili afunike: asimame nyuma kidogo na upande wa ndani, mahali anapouona mpira na mtu wake pia. Umbali hauna kipimo kimoja. Karibu na lango ni hatua chache tu. Katikati ya uwanja, au mpinzani akiwa na mbio, rudi zaidi.

Anayefunika ndiye anayeona picha nzima, kwa hiyo ndiye anayepaswa kusema. Na aseme kitu chenye maana: "subiri", "mpeleke kushoto", "mbane". Kupayuka "twende, twende!" hakumsaidii mtu.

Kigumu kuliko vyote ni kubadilishana kazi. Pasi ikipigwa, aliyekuwa akifunika anatoka kukaba na aliyekuwa akikaba anashuka kufunika, mpira ukiwa bado unatembea. Wakingoja ufike, wamechelewa. Wekeni koni kwenye eneo la mita 15 kwa 10, wachezeshe wawili kwa wawili, na wewe kocha usiangalie mpira. Mwangalie yule wa pili. Akiongezwa mkabaji wa tatu, huyo aingie katikati kuziba upande wa mbali, asing'ang'anie mtu aliyesimama mstarini kule hana madhara.

Kuna wakati wawili wanaruhusiwa kumbana mmoja: akiwa amekwama kwenye mstari wa pembeni, na njia ya pasi nyuma yake imezibwa.

Dhana: mpeleke nje siku zote.

Mara nyingi ndiyo, kwa kuwa lango liko katikati. Lakini kama winga ana krosi za hatari na wenzako wamejaa ndani, mlazimishe aingie ndani kwa mguu wake dhaifu.

Dhana: bila watu wengi nyuma, hamwezi kuzuia.

Arrigo Sacchi, aliyeanza kuifundisha AC Milan mwaka 1987, alisimulia alivyowathibitishia wachezaji wake Ruud Gullit na Marco van Basten kinyume chake. Aliweka kipa na mabeki wanne, Franco Baresi na Paolo Maldini wakiwemo, dhidi ya wachezaji kumi, kwa robo saa. Wale kumi hawakufunga. Ni kweli, hao hawakuwa mabeki wa kawaida, ila hata Baresi peke yake asingewaweza kumi; walisogea pamoja.

Dhana: kukaba ni kipaji, hakufundishwi.

Tunasema hivyo kwa sababu mazoezini tunahesabu mabao tu, na beki hana cha kushindania. Mpe pointi kila anapomlazimisha mwenye mpira kurudisha pasi nyuma, na pointi mbili wakiunyakua bila kuanguka. Washambuliaji nao wapite zamu hiyo, kwa kuwa mpira ukipotea mbele wao ndio walio karibu nao.