Château Musar: mvinyo mwekundu wa Bekaa na familia iliyokataa kuurekebisha

Ukitaja Château Musar, mvinyo wa Lebanoni, mbele ya wapenzi wa mvinyo, mara moja mtu ataanza kusimulia vita: makombora, malori ya zabibu yakipenya vizuizi vya wanamgambo, mtu anayeendelea kutengeneza mvinyo huku Beirut ikiungua. Mengi ya hayo ni kweli na nitayagusa. Ila mimi kazi yangu ni kuonja na kueleza kilichomo kwenye glasi, na naona vita vimefunika habari yenyewe. Kinachoutofautisha mvinyo huu na mingine ni namna unavyotengenezwa, na namna unavyosubiriwa.

Gaston Hochar alianza mwaka 1930, akiwa na umri wa miaka 20 hivi, Lebanoni ikiwa bado chini ya usimamizi wa Ufaransa. Ghala lake aliliweka katika kasri la karne ya 18 huko Ghazir, mji ulio mlimani juu ya bahari, kaskazini mwa Beirut. Hakuwa wa kwanza nchini. Mapadri Wajesuti walikuwa wakitengeneza mvinyo Ksara, kwenye bonde la Bekaa, tangu 1857, na kule Baalbek, kwenye bonde hilohilo, Warumi walijenga hekalu linalojulikana kuwa la Bacchus, mungu wao wa mvinyo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Gaston alifahamiana na Ronald Barton, ofisa wa jeshi la Uingereza ambaye familia yake ilimiliki mashamba ya mizabibu Bordeaux, eneo maarufu la mvinyo huko Ufaransa. Urafiki huo uliidumisha familia ya Hochar karibu na Bordeaux, ndiyo maana hadi leo watu huuita Musar "Bordeaux ya Mashariki". Mimi jina hilo silipendi. Anayekunywa Musar akitarajia Bordeaux atashangaa, na pengine ataidhania chupa yake imeharibika.

Aliyeupa mvinyo sura yake ni mtoto wa Gaston, Serge, aliyeshika kazi ya ghalani mwaka 1959. Alikuwa amesomea uhandisi, kisha akajifunza sayansi ya mvinyo Chuo Kikuu cha Bordeaux. Mdogo wake, Ronald, akachukua upande wa fedha na mauzo. Serge alitumia karibu miaka 18 kutafuta mchanganyiko aliouridhia. Jambo la kuvutia ni kwamba mtu huyu alijua vizuri vifaa na dawa zote za maabara ambazo zingemsaidia kuusahihisha mvinyo, akaamua kutozitumia isipokuwa kwa uchache sana. Kutoingilia kazi ya asili ni rahisi kwa asiyejua afanye nini. Kwa aliyefundishwa Bordeaux ni uamuzi mzito.

Mashamba yako Bekaa, bonde lililo kama mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kati ya safu mbili za milima. Mchana jua ni kali, usiku baridi inashuka, na tofauti hiyo huzifanya zabibu ziive bila kupoteza uchachu wake. Udongo ni kokoto juu ya mawe ya chokaa. Mizabibu mingi ya zamani imeachwa isimame kama vichaka, wala haimwagiliwi maji. Tangu 2006 mashamba yana hati ya kilimo hai, jambo ambalo halikubadilisha sana mazoea yaliyokuwapo.

Mvinyo mwekundu mkuu hutokana na aina tatu za zabibu. Cabernet Sauvignon huleta mifupa: tanini (ule ukakasi unaokausha mdomo), harufu ya matunda meusi na uwezo wa kuishi miaka mingi. Carignan huongeza mwili, yaani uzito mdomoni, rangi na uchachu. Cinsault, ambayo watengenezaji wengi huidharau na kuitupia kwenye mvinyo wa bei rahisi, ndiyo inayoleta manukato na ulaini. Uwiano wake haujawekewa sheria. Hubadilika kila mwaka. Kuna miaka Cabernet inatawala na ukionja unahisi ukali wake, na kuna miaka Cinsault inapanda juu hadi mvinyo unakuwa mwepesi na wa maua. Kwa hiyo anayekuambia "nimewahi kunywa Musar, sikuipenda", muulize kwanza ya mwaka gani.

Kila aina huchachushwa peke yake katika matangi ya saruji, kwa hamira ya asili inayokuja na zabibu zenyewe. Baada ya miezi kadhaa mvinyo huingia kwenye mapipa ya mwaloni wa Ufaransa na kukaa humo kama mwaka mmoja. Kisha huchanganywa, ukarudishwa kwenye saruji upatane, na mwaka wa tatu ukatiwa chupani bila kuchujwa. Hapo watengenezaji wengi wangeanza kuuza. Musar huzilaza chupa ghalani miaka mingine mitatu au minne, hivi kwamba mvinyo hufika sokoni katika mwaka wake wa saba. Hebu fikiria hesabu hiyo kwa mfanyabiashara: mavuno saba yamefungiwa chini ya ardhi, fedha imelala, katika nchi ambayo vita au kuporomoka kwa sarafu vinaweza kuja wakati wowote. Shamba lenye wanahisa wanaodai gawio kila robo mwaka lisingevumilia. Familia inaweza, ikitaka.

Sasa tuje kwenye lile linalogawa watu. Mvinyo mwekundu wa Musar mara nyingi una asidi ya siki nyingi kuliko kawaida, ile inayopaa puani na kukumbusha harufu ya rangi ya kucha. Sheria ya Umoja wa Ulaya inaruhusu hadi gramu 1.2 kwa lita kwenye mvinyo mwekundu, lakini pua nyingi huitambua kabla haijafika huko. Wakati mwingine pia kuna harufu ya ngozi na zizi, dalili ya hamira ya porini iitwayo Brettanomyces. Kwenye chumba cha mtihani wa waonjaji, vyote viwili huandikwa kasoro. Sitasema wanaolalamika hawajui mvinyo. Zipo chupa za Musar ambazo hata mimi naona zimevuka mpaka. Lakini kwenye mavuno mazuri ile asidi ndiyo inayoinua harufu ya cheri, tini kavu na viungo mpaka ikajaza chumba. Ukiiondoa, utabaki na mvinyo msafi unaofanana na mingine elfu.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza 1975 na kuisha 1990. Tatizo kubwa lilikuwa jiografia: zabibu ziko Bekaa, ghala liko Ghazir, na mlima uliopo katikati ulikatwa na mistari ya mapigano. Mwaka 1976 hakukuwa na mvinyo kabisa. Mwaka 1984 malori yalichelewa siku kadhaa, zabibu zikaanza kuchachuka zikiwa bado njiani, na mvinyo wa mwaka huo haukuingizwa sokoni kama mingine. Miaka mingine yote walivuna. Soko la nyumbani lilipokufa, Serge alibeba chupa zake hadi maonyesho ya mvinyo ya Bristol mwaka 1979, ambako Michael Broadbent, mtaalamu wa mvinyo wa nyumba ya mnada ya Christie's, aliusifu mno mvinyo wa 1967. Uingereza ikawa mteja mkuu. Mwaka 1984 jarida la mvinyo la Decanter lilimpa Serge tuzo yake ya kwanza ya Mtu wa Mwaka. Serge alifariki Mexico mwishoni mwa 2014, na kizazi cha tatu, wakiwemo wanawe Gaston na Marc, ndicho kinachoendesha kazi sasa.

Kwa anayetaka kuujaribu: usianze na Musar Jeune, mvinyo mchanga wa nyumba hiyohiyo usiopita kwenye mapipa. Ni mtamu kunywa lakini haukuonyeshi lolote kati ya niliyoyaeleza. Tafuta mwekundu mkuu wenye umri wa miaka kumi na zaidi. Isimamishe chupa siku nzima ili mashapo yatulie, maana hayakuchujwa. Kizibo cha chupa ya zamani kivute taratibu, huwa laini. Mimina polepole kwenye chombo kipana, uache upate hewa saa kadhaa, na usiunywe ukiwa na joto kupita nyuzi 18. Joto huipandisha ile siki mbele ya kila kitu. Ukiona umefifia mno kwenye glasi ya kwanza, usiumwage. Subiri saa moja, uonje tena.